Mzee mwenye EF ya 28 anaandaliwaje kwa baipasi ya moyo? Siku zetu 19 wodini (uzi mrefu)

mtoto_wa_mwalimu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni kwa wenye mzazi ambaye moyo wake umechoka na ameambiwa afanyiwe baipasi, yaani upasuaji wa kuipa damu njia mpya kupita mishipa ya moyo iliyobana. Wakati wetu nilitafuta maelezo ya Kiswahili usiku na mchana, nikaishia kwenye matangazo ya mitishamba. Mimi si daktari. Nililala kwenye benchi la wodi siku 19 na kuuliza maswali mpaka manesi wakanizoea.

Baba ni mwalimu mstaafu, miaka 66, sukari mwaka wa 14. Nyumbani ni Tanga. Wa kwanza kuona tatizo alikuwa mama, na aliliona kwenye mito. Miaka yote baba alilalia mto mmoja. Ikawa miwili. Baada ya Ramadhani ikawa mitatu, na bado usiku anashtuka anahema kama aliyetoka mbioni, anakwenda kukaa dirishani mpaka alfajiri. Sisi tukasema uzee. Ndugu zangu, mzee akianza kuongeza mito, msisubiri. Moyo ukishindwa kusukuma, maji hurudi nyuma kwenye mapafu, na akilala chali ndiyo yanamkaba.

Kosa letu la pili: miguu ilivimba na magoti yakauma, tukaenda duka la dawa, akapewa diklofenaki. Akameza wiki mbili. Baadaye tukaelezwa kwamba dawa za maumivu za kundi hilo huzifanya figo zishike chumvi na maji, na kwa mtu mwenye moyo dhaifu ni kama kumwongezea mzigo begani. Hatukumwambia muuzaji chochote kuhusu moyo kwa sababu wenyewe hatukujua.

Ndipo ikaja ECHO, ile ultrasound ya moyo. EF 28. Kaka yangu alipiga simu analia akidhani moyo umekufa asilimia 72. Sivyo. EF ni sehemu ya damu inayotoka kwenye chumba cha kushoto kila moyo unapobana. Hata moyo mzima hautoi yote, hutoa kama asilimia 55 hadi 70. Chini ya 40 ni dhaifu, chini ya 35 ni dhaifu sana. Kwa hiyo baba alikuwa na kama nusu ya nguvu ya kawaida. Si jambo dogo, ila si sawa na kufa.

Picha ya mishipa ikaonesha mishipa mitatu ya moyo imebana, ule wa mbele kwa asilimia 90. Tukaambiwa baipasi.

Tulifika Dar Jumapili tukiamini Jumanne anaingia chumba cha upasuaji. Jumatatu daktari wa upasuaji akaja, akamsikiliza kifua, akabonyeza mguu wa baba kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Akalitazama lile shimo, akatutazama sisi, akasema, "Mzee huyu simpasui wiki hii."

Kaka akawaka. Akasema wanatafuta hela ya kitanda. Daktari hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa karibu na baba, akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Mwalimu, kuunganisha mishipa si kazi inayonitisha. Kinachonitisha ni saa ya kukutoa kwenye mashine, nikiuambia moyo wako anza kazi, ukakataa."

Akaeleza. Upasuaji wa aina hii mara nyingi moyo husimamishwa kwa dawa yenye potasiamu, ya baridi, na mashine ya moyo na mapafu inafanya kazi badala yake. Ukisimama, mishipa mipya inashonwa: mmoja hutolewa ndani ya kifua, nyuma ya mbavu, mingine mguuni au mkononi. Halafu moyo unaamshwa. Moyo wenye nguvu unaamka hata kama umechoshwa kidogo. Moyo wa 28 hauna akiba. Ukiamka umezama kwenye maji, damu pungufu, sukari juu, figo zimebanwa, mapafu yamelowa, unaweza kugoma.

Kwa hiyo wanaosema "tumekaa wiki mbili bila kutibiwa", naomba msikie hili: zile siku ndizo matibabu. Sisi tuliona tunasubiri, kumbe upasuaji ulikuwa umeshaanza.

Naendelea chini na mambo yenyewe.

---

mtoto_wa_mwalimu

Maji kwanza, maana ndiyo yalikula siku nyingi. Baba aliwekewa dawa ya kukojoza kwa mshipa, na kila siku saa kumi na mbili kasoro asubuhi alipimwa uzito. Mizani ileile, shati lilelile, baada ya kukojoa, kabla ya chai. Siku ya kwanza kilo 74.6. Siku ya tano 72. Maji ya kunywa yalipimwa kwa kikombe, mkojo ukapimwa kwenye jagi, vyote vikaandikwa.

Siku ya saba mizani ikapanda kilo 1.4 kwa usiku mmoja. Nesi akauliza, "Mzee alikula nini jana?" Kimya. Mama ndiye aliyesema. Alikuwa ameleta hotpoti ya wali wa nazi na papa mkavu, kwa sababu baba alisema chakula kisicho na chumvi kinamfanya ajione mfungwa. Nesi hakumfokea. Alichukua ile karatasi ya uzito akamwonesha mama mstari unavyoshuka, unashuka, kisha unavyoruka juu siku moja. Mama akakaa chini akalia. Tangu siku ile yeye ndiye alikuwa mlinzi wa chumvi wodi nzima, hata kwa wagonjwa wasio wetu. Akaanza kupika na ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari, baba akala.

Siku ya 17 tulikuwa kilo 68.1. Kidole kikibonyezwa mguuni hakiachi shimo. Na mito ilikuwa imebaki miwili.

---

kilindi_cha_mrima

Pole sana mkuu na hongera kwa madini haya. Swali langu: kwa nini wasimwekee stenti tu, ule mrija mdogo wa kuupanua mshipa kwa ndani? Mzee wa miaka 66, moyo dhaifu, unamfungua kifua! Stenti anaingia asubuhi, kesho yuko nyumbani.

---

nesi_wa_zamu

Naomba nilijibu hili, nimefanya kazi ICU (wodi ya mahututi) ya moyo miaka kadhaa.

Swali ni zuri na kila familia huliuliza. Mtu mwenye sukari na mishipa mingi iliyobana, utafiti uliotoka mwaka 2012 wenye wagonjwa 1,900 ulionesha waliofanyiwa baipasi walipata vifo na mishtuko ya moyo michache kuliko waliowekewa stenti. Kiharusi kilikuwa zaidi kidogo upande wa baipasi, hilo nalo liambiwe familia.

Sasa kwa moyo dhaifu hasa, upo utafiti mkubwa unaoitwa STICH. Wagonjwa 1,212 wenye EF ya 35 kushuka chini. Nusu walipewa dawa peke yake, nusu dawa pamoja na baipasi. Matokeo ya kwanza mwaka 2011 hayakuonesha tofauti ya wazi kwenye vifo vyote. Walipofuatiliwa karibu miaka 10, waliofariki kundi la dawa walikuwa asilimia 66.1, kundi la baipasi asilimia 58.9. Faida ipo, ila inakuja polepole. Siku za mwanzo baada ya upasuaji aliyepasuliwa ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi. Anailipa ile hatari mwanzoni ili avune baadaye.

Stenti kwa wenye moyo wa namna hii zilipimwa pia, REVIVED ya mwaka 2022, wagonjwa 700. Hazikupunguza vifo wala kulazwa kwa moyo kushindwa ukilinganisha na dawa nzuri peke yake.

Ndiyo maana daktari wa mleta uzi alikataa haraka. Kama hatari yote imejikusanya mwanzoni, basi kazi yetu ni kuipunguza hapo mwanzoni.

---

kilindi_cha_mrima

Nimekuelewa nesi. Ubarikiwe. Nimeiandika hiyo ya kulipa mwanzoni nikamweleze mjomba.

---

mtoto_wa_mwalimu

Shukrani nesi, mimi nisingeweza kulieleza hivyo.

Niendelee na dawa, maana hapa familia nyingi zinaua mtu kwa nia njema. Wapo wanaosikia "upasuaji" wakasimamisha dawa zote. Wapo wanaoendelea na zote. Yote mawili ni hatari. Kwa baba ilikwenda hivi, nanyi msinakili, mwulizeni daktari wenu:

Aspirini aliendelea nayo. Klopidogreli ilisimamishwa siku 5 kabla, kwa sababu inafanya damu isigande na kifua kingevuja. Betabloka, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, hakuachishwa, ikiachwa ghafla moyo hupiga mbio. Ya presha ya kundi la "pril" alirukishwa jioni ya kuamkia upasuaji, maana pamoja na dawa za usingizi inaweza kuangusha presha ikawa vigumu kuipandisha. Na ile ya sukari iitwayo dapagliflozini, ambayo siku hizi hupewa hata wenye moyo dhaifu, ilisimamishwa siku 3 kabla. Nikamwuliza daktari wa usingizi kwa nini. Akasema mgonjwa asiyekula huku ana dawa ile anaweza kutengeneza asidi kwenye damu ilhali kipimo cha sukari kinaonesha namba nzuri tu, watu wakachelewa kugundua. Badala yake akawekwa insulini. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa asilimia 9.4, hakishuki kwa siku 19, lakini ile ya kila siku ilitulizwa.

Kiwango cha damu (hemoglobini) kilikuwa 10.2 na akiba ya chuma imekwisha. Akawekewa chuma kwa dripu. Sisi watoto na wajukuu tukaenda kuchangia damu, watu saba. Mmoja alikataliwa kwa presha na ndivyo alivyojua ana presha.

Kuna mambo madogo nayaunganisha hapa. Alipimwa mishipa ya shingo kwa hofu ya kiharusi. Alichorwa mishipa ya miguu kujua upi utatolewa, na tukaonywa asichomwe sindano kwenye mguu ule. Meno mawili mabovu yaling'olewa. Alisafishwa pua kwa malhamu na kuogeshwa kwa dawa ya kuua vijidudu usiku na asubuhi.

---

pumzi_ndefu

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, nimeona hujagusa mapafu. Mlifanya mazoezi?

---

mtoto_wa_mwalimu

Tulifanya, tena nilikuwa nayaacha makusudi ili niyaandike vizuri.

Alipewa kile kifaa cha plastiki chenye vigololi vitatu. Unavuta hewa, hupulizi, vigololi vinapanda. Siku ya kwanza kilipanda kimoja kikaanguka hapohapo, baba akakirudisha mezani akageukia ukutani. Mtu aliyefundisha watoto miaka 38 hawezi kuinua gololi! Dada wa mazoezi akamwambia, "Mwalimu, mwanafunzi akikosa hesabu ya kwanza unamfukuza darasani?" Baba akakichukua tena.

Kila saa mara kumi. Akajichorea jedwali kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko ule wa ubaoni: tarehe, saa, gololi ngapi, alama. Siku ya 11 cha pili kikasimama juu kikatulia. Cha tatu hakikuwahi kukaa, kilitetemeka tu, naye alijiandikia nusu alama.

Pia alifundishwa kukohoa huku amekumbatia mto kifuani, na kuinuka kitandani kwa ubavu bila kusukuma kwa mikono, kwa sababu mfupa wa kidari utakuwa umekatwa na kufungwa kwa waya. Ukifundishwa vitu hivi ukiwa mzima unavikumbuka ukiwa na maumivu. Ukifundishwa ICU huelewi kitu.

---

pumzi_ndefu

Safi sana. Niongeze ushahidi kwa wanaoona haya ni michezo. Uholanzi mwaka 2006 walichukua wagonjwa 279 wa baipasi waliokuwa kwenye hatari ya matatizo ya mapafu. Nusu walifanyishwa mazoezi ya misuli ya kuvuta pumzi angalau wiki mbili kabla, nusu matunzo ya kawaida. Waliopata matatizo ya mapafu: asilimia 18 kwa waliofanya mazoezi, asilimia 35 kwa wengine. Hakuna dawa ya bei kubwa hapo. Ni pumzi na uvumilivu.

Na anayevuta sigara aache sasa hivi, wiki nne kabla au zaidi ikiwezekana. Asingoje tarehe.

---

bint_wa_makorora

Shikamooni. Mama yangu EF yake ni 25. Tumeambiwa kuna sindano ya kuupa moyo nguvu siku moja kabla. Pia kuna mtu amesema watamwekea puto kwenye moyo. Naogopa hilo puto kuliko hata kisu.

---

nesi_wa_zamu

Marahaba mwanangu, pole.

Sindano unayoisema nadhani ni levosimendani. Ilipimwa kwa wagonjwa 882 wenye EF ya 35 kushuka chini, majibu yakatoka mwaka 2017: kuwapa wote kabla ya upasuaji hakukupunguza vifo. Zipo timu zinazoitumia kwa mgonjwa mmoja mmoja. Kama mama hatapewa, msione amenyimwa.

Puto halikai ndani ya moyo. Ni puto refu, jembamba, linaingizwa kwa mshipa wa kinena mpaka kwenye mshipa mkuu unaoshuka kifuani. Moyo ukipumzika, puto linajaa na kuisukuma damu irudi kuilisha mishipa ya moyo yenyewe. Moyo ukitaka kubana, puto linanywea ghafla, moyo unapata njia nyepesi. Lilitumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1967, Marekani, mwaka uleule ambao René Favaloro, daktari Mwargentina aliyekuwa Cleveland, alianza kutumia mshipa wa mguu kwa baipasi. Si kitu cha majaribio. Ila si kila mtu huwekewa, kwa sababu linaweza kubana damu ya mguu au kusababisha kuvuja. Mkimkuta mama nalo, ulizeni joto la mguu wake. Sisi manesi tunalipima kila saa, na familia inayouliza hatuioni msumbufu.

Ulizeni pia kama amepimwa misuli ya moyo iliyolala. Kuna sehemu za moyo zilizokosa damu muda mrefu zikapunguza kazi bila kufa, na zikipata damu zinaweza kurudi kubana. Wanapima kwa ECHO yenye dawa ya kuusukuma moyo, au kwa MRI (picha ya mashine ya sumaku). Kipimo hicho peke yake hakiamui apasuliwe au la, lakini kinasaidia mazungumzo.

---

bint_wa_makorora

Asante mama. Nimelia lakini nimeelewa. Mleta uzi, mzee wako ilikuwaje?

---

mtoto_wa_mwalimu

Dada, nakuambia kama ilivyokuwa.

Jioni ya siku ya 19 daktari wa upasuaji na daktari wa usingizi walikuja pamoja. Wakatuambia hatari yake kwa namba, bila kuizungusha. Kati ya watu mia kama yeye, wachache wasingerudi, na walisema wachache wangapi. Baba akauliza maswali yake kutoka kwenye lile daftari, akasaini mwenyewe. Kaka yangu, yuleyule aliyewaka, akamwomba daktari radhi. Daktari akasema angekuwa yeye angewaka zaidi.

Puto aliwekewa mwanzo wa upasuaji kwa sababu presha yake iliyumba. Mishipa mitatu iliunganishwa. Alitolewa kwenye mashine ya moyo na mapafu mara ya pili, mara ya kwanza moyo ulilegea wakaurudisha kupumzika. Hilo tuliambiwa baadaye. Nikakumbuka maneno ya Jumatatu ile, nikawaza ingekuwaje kama angeingia na zile kilo 74.

Mashine ya kupumulia ilitolewa kesho yake saa nne asubuhi. Puto siku ya pili. ICU siku tano. Siku ya tatu alichanganyikiwa, akaanza kuwaita manesi kwa majina ya wanafunzi wake wa zamani, kisha ikapita. Figo zilishtuka kidogo zikarudi.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji, ECHO ilisoma EF 37. Haikufika 55 na hatukuahidiwa hivyo. Dawa anameza mpaka leo, uzito anajipima kila alfajiri na kuandika. Analalia mto mmoja. Wa pili ni ule wa kukoholea, mama kautia foronya ya khanga na hataki uguswe.

---

bint_wa_makorora

Alhamdulillah. Sisi tunaonana na madaktari Alhamisi. Niende na nini?

---

mtoto_wa_mwalimu

Nenda na dawa zote za mama zikiwa kwenye mfuko wake, na maboksi yake, pamoja na za kienyeji kama anatumia, usizifiche. Andika uzito wake wa kila asubuhi kuanzia kesho. Omba daktari wa usingizi amwone mapema, asisubiri jioni ya mwisho. Na mhesabie mito anayolalia, uwaambie namba hiyo kabla hawajakuuliza. Ukirudi Alhamisi jioni, njoo hapahapa utuambie wamesemaje.